Daftari la Mzazi Mwenye Kazi Nyingi

Wanachama wenzetu, mchumo wa karafuu ukifika, ni nani kwetu hajapata kusahau sare ya skuli ya mtoto? Huko Mabatini, Mwanza, tumemwona mama mmoja mchuuzi wa dagaa akipanga kazi zake kwa mwezi wa mbinguni. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka sana, wavuvi hupumzika. Basi siku za giza mama yule huandika daftarini mawili tu: biashara na chakula cha nyumbani. Sare na kliniki huzingoja siku za mbalamwezi.

Nasi tuna majira yetu. Karafuu mbichi haingoji: huchambuliwa jioni ile ile, ikaanikwa kesho yake. Basi yasiyo ya shamba tuyaandike, tuyamalize kabla ya mchumo. Daftari zuri ni lile lifuatalo kazi ya mwenyewe.