Kabla ya kumlipa fundi wa programu, chora vyumba vinne

Na Mwandishi Wetu, Kigali

WAFANYABIASHARA wanapochanga fedha ili watengenezewe programu ya simu, swali la kwanza huwa bei. Swali linalosahaulika ni hili: itamfaa nani, na akiwa wapi?

Chukua mfano wa mama wa Nyakabanda, wilayani Nyarugenge, anayefuata maharage Uganda kupitia mpaka wa Gatuna. Yuko kwenye foleni na simu yake ni ya vitufe. Anataka kujua faranga zake zitampa shilingi ngapi. Programu inayodai intaneti na Kiingereza haimsaidii, na akibadilisha fedha kwa kubahatisha, hasara ni yake.

Wasanifu wa huduma za simu wana njia ya kuliona tatizo hili mapema, iitwayo uchambuzi wa SWOT. Ni karatasi yenye vyumba vinne: nguvu, udhaifu, fursa na vitisho. Viwili vya kwanza vinahusu huduma yenyewe. Viwili vya mwisho vinahusu mambo ya nje, yasiyo mikononi mwa fundi.

Tuseme kikundi kinataka huduma ya kubonyeza nyota, namba na reli.

Nguvu: inafanya kazi kwenye simu yoyote, bila intaneti.

Udhaifu: skrini inabeba maneno machache, na ukichelewa kujibu inakatika, unaanza upya.

Fursa: Kiswahili ni lugha rasmi Rwanda tangu 2017. Aidha, bidhaa zinazotoka ndani ya Jumuiya zisizozidi dola 2,000 zina cheti rahisi cha asili. Menyu inaweza kumkumbusha mfanyabiashara akiombe.

Vitisho: mpaka wa Gatuna ulifungwa Februari 2019, ukafunguliwa tena Januari 31, 2022. Huduma inayotegemea mpaka mmoja ingekufa. Basi mwambie fundi aijenge ili taarifa za mipaka mingine ziongezwe bila gharama ya kuanza upya.

Kosa kubwa ni fundi kujaza vyumba hivyo peke yake ofisini. Adhabu ya kaburi aijua maiti. Wape wenzako watano simu, watazame wakibonyeza bila kuwaelekeza. Anayekwama asilaumiwe, alipokwama paandikwe chini ya udhaifu, parekebishwe, ndipo fundi alipwe fedha zilizobaki.