Mjuzi si Mjuaji: Maneno ya Akili na Usomi

Mtahiniwa akiulizwa kisawe cha neno "mwerevu", huwa mwepesi wa kuandika "mjanja". Akitakiwa kueleza sifa za mhusika aliyesoma, huandika kwamba ana busara. Majibu yote mawili yanaweza kumkosesha alama, kwa sababu Kiswahili kina maneno mengi ya akili na kila moja lina mahali pake.

Visawe ni maneno yenye maana zinazokaribiana. Kukaribiana si kulingana. Linganisha sentensi hizi: "Mhasibu wetu ni mwerevu" na "Mhasibu wetu ni mjanja." Ya kwanza inamsifu. Ya pili itawafanya wanachama waombe kuona daftari la fedha. Werevu ni wepesi wa kuelewa mambo. Ujanja ni wepesi wa kupata unachotaka, hata kwa kumzunguka mwenzako. Ndiyo maana sungura katika ngano huitwa mjanja. Hata hivyo, vijana mitaani humsifu mwenzao kwa neno hilohilo, wakiwa na maana ya mtu asiyedanganyika kirahisi. Kwa hiyo soma sentensi nzima kabla ya kuamua.

Akili, elimu, maarifa, hekima na busara yametoka katika Kiarabu, lakini asili moja haiyafanyi kuwa neno moja. Akili ni uwezo wa kufikiri, na mtoto ambaye hajaona darasa anaweza kuwa nayo tele. Elimu hupatikana kwa kufundishwa. Maarifa hutokana na kujifunza na kuyapitia mambo. Hekima na busara hukaribiana sana, na huonekana mtu anapoamua jambo au anapochagua la kusema na la kunyamazia. Methali "Akili nyingi huondoa maarifa" isingekuwa na maana kama akili na maarifa vingekuwa kitu kimoja.

Mfano mzuri umo katika tamthiliya ya Edwin Semzaba, Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe. Ngoswe ni karani wa sensa. Amesoma, anajua kuandika takwimu, na ametumwa kijijini kwa kazi ya taifa. Ana elimu ya kutosha. Lakini anaiweka kazi kando kwa ajili ya mapenzi na Mazoea, na mwishowe karatasi za sensa zinateketea kwa moto. Ukiandika kwamba Ngoswe ana busara kwa kuwa amesoma, utakuwa umeupoteza ujumbe mkubwa wa kazi hiyo. Andika kwamba ana elimu, lakini amekosa busara, kisha utoe ushahidi wa tukio.

Sasa tazama sarufi, maana hapa ndipo lugha inapopendeza zaidi. Kitenzi "jua" huzaa nomino mbili: mjuzi na mjuaji. Mjuzi ni mtu mwenye ujuzi. Fundi hodari ni mjuzi wa kazi yake. Mjuaji ni yule anayejifanya anajua kila kitu, anayemkatiza daktari kumweleza ugonjwa. Mzizi ni mmoja. Tofauti imeletwa na viambishi tamati. Kiambishi -ji mara nyingi huonyesha mtu mwenye mazoea ya kutenda jambo, kama katika mchezaji na mwimbaji, wala hakina lawama. Hata "soma" hutoa msomaji, yaani mtu anayesoma, na msomi, yaani mtu mwenye elimu ya juu. Kwa mjuaji, lawama imeletwa na matumizi.

Msomi nalo lina maana ya ziada. "Bibi yule ni msomi wa sheria" ni heshima. "Haya, msomi, tufundishe basi!" ni kejeli, ingawa neno halikubadilika. Kejeli ya namna hii haiko Afrika Mashariki tu: Marekani, katika uchaguzi wa urais wa 1952, wafuasi wasomi wa Adlai Stevenson walidhihakiwa kwa jina lenye maana ya "kichwa-yai".

Nanyi wanafunzi mna maneno yenu. Katika shule za Tanzania, anayeongoza darasani huitwa kipanga, jina la ndege mwenye macho makali, na anayebaki nyuma huitwa kilaza. Kipanga ni sitiari nzuri. Kilaza ni tusi. Ni maneno ya rejesta ya shuleni. Katika insha rasmi yaache, isipokuwa unapoandika mazungumzo ya wahusika.

Jambo dogo la mwisho: smati. Neno hili limetoka katika Kiingereza, ambako huweza kumaanisha mwenye akili au mtanashati. Kiswahili kilichukua utanashati, akili kikaiacha hukohuko.

Zoezi
Tunga sentensi mbili kwa kila neno, moja ya sifa na nyingine ya lawama au kejeli: (a) mjanja (b) msomi. Kisha eleza ni kitu gani katika sentensi kilichobadili maana.