Pikipiki Kuukuu na Majira ya Bujumbura



Pikipiki kuukuu ikitunzwa hukufikisha kazini kwa wakati. Ikipuuzwa hula mshahara wako. Chukua Honda CG125, iliyotolewa mwaka 1976. Vali zake husukumwa kwa vijiti, na mnyororo wake ulifunikwa pande zote kuzuia tope, kwani ilikusudiwa nchi zenye barabara mbaya. Hata hivyo, hakuna chuma kisichotaka matunzo, nayo hufuata majira.

Mvua: Hapa Bujumbura hunyesha takriban Oktoba hadi Mei. Tope hula mnyororo, na maji hufanya breki zisishike. Safisha mnyororo, utie oili, uuache ucheze kati ya sentimita 1 na 2. Kifuniko chake usikitupe. Ukivuka maji, endesha polepole ukikanyaga breki kidogo mpaka zikauke. Kusahau hilo ni kujitafutia ajali.

Kiangazi: Juni hadi Agosti adui ni vumbi. Chujio la hewa likiziba, injini hula petroli nyingi. Likiondolewa, vumbi husaga pistoni na silinda. Lisafishe mara kwa mara.

Petroli ikikosekana, kama ilivyokuwa mwaka 2024, pikipiki hulala. Basi funga bomba la tangi na umwage petroli iliyobaki ndani ya kabureta, isije ikaganda na kuziba vitundu.

Mafundi wa Buyenzi wapo kwa kazi kubwa. Lakini plagi, oili na mnyororo waweza kuviangalia mwenyewe. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.