Fangasi wa damu: Tishio linalowanyemelea wagonjwa mahututi

WENGI wanaposikia neno fangasi hufikiria mba au muwasho wa vidole vya miguu. Wapo, hata hivyo, fangasi wanaoingia katika damu na kuua, na mara nyingi huwapata watu waliokwisha kulazwa hospitalini kwa maradhi mengine.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa kwa mara ya kwanza orodha ya fangasi hatari zaidi kwa binadamu. Kati ya wanne waliowekwa kundi la juu, wawili ni Candida albicans na Candida auris.

Candida albicans huishi mdomoni na tumboni mwa watu wengi wenye afya bila kuwadhuru. Huzuiwa na bakteria anaoishi nao, ngozi na ukuta wa utumbo, pamoja na chembe nyeupe za damu. Kinachosikitisha ni kwamba matibabu yanayookoa maisha ndiyo huvunja ngome hizo. Antibiotiki kali zikitumika muda mrefu huua bakteria na kumwachia fangasi nafasi ya kuzaliana. Mrija unaopitishwa katika mshipa mkubwa, kwa ajili ya dawa au lishe, hutoboa ngozi, na fangasi hujishikiza juu yake. Upasuaji wa tumbo huweza kumfungulia njia kutoka utumboni. Dawa za saratani hupunguza chembe nyeupe, nazo steroidi hudhoofisha kinga. Watoto njiti, ambao kinga yao haijakomaa, huhitaji mirija hiyo hiyo.

Candida auris, aliyeelezwa kwa mara ya kwanza nchini Japani mwaka 2009, huenea kutoka mgonjwa hadi mgonjwa kupitia mikono, vitanda na vifaa, na mara nyingi hasikii dawa ya flukonazoli. Kenya nayo haikusalimika: utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulieleza wagonjwa wa hospitali moja jijini Nairobi waliokutwa naye katika damu kati ya mwaka 2010 na 2016.

Dalili kuu ni homa isiyoshuka licha ya antibiotiki. Hapo ndipo penye mtego, kwani homa hiyo hufanana na ya bakteria, na kuongeza antibiotiki nyingine humnufaisha fangasi. Kuotesha damu maabara huchukua siku kadhaa, na wakati mwingine fangasi haonekani. Kwa sababu hiyo, mgonjwa mahututi mwenye vihatarishi kadhaa huweza kuanzishiwa dawa ya fangasi kabla majibu hayajatoka, na mrija unaoshukiwa huondolewa mapema iwezekanavyo.