Wauguzi Nao Wamo Lindoni
Askari wenzetu wa Nyakabanda, jijini Kigali, twaujua uzito wa zamu ya usiku. Wauguzi nao wana lindo lao. Tarehe 27 Septemba 2024 Rwanda ilitangaza kuzuka kwa ugonjwa wa Marburg, unaoambukizwa kwa majimaji ya mwili. Amsafishaye mgonjwa ndiye aliye mstari wa mbele. Watu 66 waliugua, 15 wakafariki. Wengi wa walioambukizwa walikuwa watumishi wa afya. Wenzao hawakuacha lindo, na tarehe 20 Desemba ugonjwa ukatangazwa kwisha.

Basi tufikapo kituo cha afya tunawe mikono, tueleze dalili zote bila kuficha, wala tusitumie sare kuruka foleni. Anayemlinda muuguzi amemlinda mgonjwa.