Makovu ya ndani ya tumbo baada ya upasuaji: tufanye nini?

Wapo kati yetu waliopasuliwa tumbo kwa sababu ya kidole tumbo, ngiri, au wakati wa kujifungua. Jeraha la nje likifunga na nyuzi zikitolewa, mtu husema amepona. Lakini ndani nako kuna kovu.

Makovu haya ni nini?

Utumbo wa kawaida unateleza. Ukikatwa, au ukiguswa na damu na usaha, mwili hutengeneza nyuzinyuzi za kuponya. Nyuzinyuzi hizo zinaweza kushikanisha utumbo na utumbo, au utumbo na ukuta wa tumbo. Jambo hili huanza siku za mwanzo baada ya upasuaji. Wengi waliopasuliwa wanayo makovu haya na hawasikii lolote. Wachache utumbo huziba, hata baada ya miaka mingi. Wanawake wengine mirija ya uzazi huziba, wakakosa mimba.

Nani anayazuia?

Sehemu kubwa ni kazi ya daktari: kushika utumbo taratibu, kusafisha damu na usaha, na kutumia glavu zisizo na poda. Hakuna dawa ya kunywa, ya hospitali wala ya miti shamba, inayoyeyusha makovu hayo. Kukanda tumbo kwa nguvu kunaweza kufungua jeraha.

Wewe ufanye nini?

1. Wahi hospitali. Kidole tumbo kikipasuka, usaha huenea na makovu huwa mengi zaidi. Kutoka Palma hadi Hospitali ya Mkoa ya Pemba ni zaidi ya kilomita 300, kwa hiyo usingoje usiku uingie.

2. Ukiruhusiwa, tembea kidogo kidogo. Haijathibitika kuwa kutembea kunazuia makovu, lakini kunasaidia utumbo kuanza kazi na kunazuia damu kuganda miguuni.

3. Weka jeraha safi na kavu, na umalize dawa ulizopewa.

4. Tunza karatasi za hospitali ndani ya mfuko wa plastiki. Wapo waliokimbia Palma mwezi Machi 2021 bila karatasi yoyote. Kama ni wewe, mwambie daktari ulipasuliwa nini, wapi na mwaka gani.

5. Mama uliyejifungua kwa upasuaji, kila upasuaji huongeza makovu. Zungumza na mkunga kuhusu uzazi wa mpango, na ukipata mimba anza kliniki mapema.

Dalili za hatari

Uliwahi kupasuliwa tumbo, na sasa:
- tumbo linauma kwa vipindi, linaachia na kurudi;
- unatapika, hasa matapishi ya kijani;
- tumbo limevimba;
- hupati choo wala hutoi hewa.

Usile, usinywe dawa ya kuharisha, wala usipigwe bomba la dawa. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kama huwezi kutembea, tuma mtu amwite mhudumu wa afya aliye karibu. Utumbo ulioziba ukicheleweshwa huoza na kuua. Ukiwahiwa, wengi hupona.