Kabla Kirikuu Haijafika

Mwisho wa mwezi ukikaribia, barabara za Sinza, Tabata na Mbagala hujaa Kirikuu zilizosheheni makochi, godoro juu ya makochi na utingo juu ya godoro. Anayetazama kutoka kibarazani hudhani huko ndiko kuhama. Waliokwishahama mara mbili tatu wanajua kuwa gari ndiyo kazi nyepesi kuliko zote; yanayomtoa mtu jasho ni yale ambayo yangemalizwa wiki mbili kabla.

Kwanza fedha. Wenye nyumba wengi wa Dar es Salaam bado wanataka kodi ya miezi 6 kwa mkupuo, na dalali kwa kawaida huchukua kodi ya mwezi 1. Nyumba ya shilingi 200,000 kwa mwezi humtoa mpangaji shilingi 1,400,000 kabla hajabeba hata sufuria. Hapo hajalipa gari, vijana wa kupakia wala fundi wa kubadilisha kitasa, na kitasa lazima kibadilishwe, kwani nani ajuaye funguo za zamani zimebaki kwa nani?

Kisha kuna LUKU, umeme wa kulipia kabla. Kabla ya kukabidhi fedha, mpangaji mwangalifu huomba namba ya mita na kununua umeme kidogo, tena kwa makusudi. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU, na nyumba iliyokaa miezi bila mtu huwa imeilimbikiza. Mgeni ananunua umeme wa kupikia wali, anaambulia uniti mbili tatu, nyingine zimekwenda kulipa deni asilolijua. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, kwa hiyo ujumbe wa malipo utunzwe na makato yazungumzwe mapema, si baada ya kununiana. Kama mita ni moja kwa wapangaji wanne, aulize pia nani hununua, na mwenye friji huchangia kiasi gani. Ugomvi mwingi wa nyumba za kupanga huanzia hapo.

Kufunga vitu kuanzie na visivyoguswa kila siku: vyombo vya wageni, mapazia ya sikukuu, vitabu. Mifuko ya shangazi kaja inafaa nguo na mashuka tu. Ukiijaza masufuria, mikono yake hukatikia ngazini. Sahani za udongo zitenganishwe kwa khanga na zisimamishwe wima ndani ya boksi, maana zikilazwa moja juu ya nyingine, ya chini hubeba uzito wote kwenye kila tuta la barabarani. Kitanda cha sita kwa sita kifunguliwe mapema. Nati zake zitiwe kwenye soksi na soksi ifungwe kwenye mguu wa kitanda chenyewe, la sivyo usiku wa kwanza familia italala chini huku chaga zimeegemea ukutani.

Friji isafiri ikiwa imesimama. Ikilazwa, mafuta ya kompresa hutiririka kuingia kwenye mabomba yake. Ikilazimu kuilaza, isimamishwe ikifika na iachwe saa kadhaa kabla ya kuwashwa, hata kama watoto wanalilia maji baridi.

Gari nalo lina mapatano yake. Bei itajwe pamoja na kupakia na kushusha, ghorofa ya ngapi, tripu ngapi. Mzigo wa chumba kimoja hutoshea kwenye guta. Wa vyumba vitatu huhitaji Canter, kwani tripu mbili za Kirikuu zaweza kuipita bei yake. Anayehamia Kigamboni akumbuke kuwa magari hulipia Daraja la Nyerere, lililofunguliwa 2016, na aulize mapema fedha hiyo ataitoa nani. Masika, kati ya Machi na Mei, turubai si anasa.

Si lazima kila kitu kihame siku moja. Hata serikali ilipohama kutoka Dar es Salaam haikuhama kwa mkupuo. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ni wa mwaka 1973, lakini msukumo mkubwa ulikuja Julai 2016 Rais Magufuli alipotangaza safari hiyo. Waziri Mkuu Majaliwa alitangulia Septemba mwaka huo, Makamu wa Rais Samia akafuata Desemba 2017, Rais mwenyewe Oktoba 2019. Watumishi walihamishwa kwa awamu, na katika familia zao nyingi baba au mama alitangulia, akapanga chumba, wengine wakangoja shule zifungwe. Kwa mwendo wa kilomita 450 hivi, mpango huo una akili kuliko kupakia kila kitu siku moja.

Kitakachopakiwa mwisho ndicho kitakachoshuka kwanza, kwa hiyo jiko, mtungi wa gesi uliofungwa vizuri na kuchomolewa regyuleta, chandarua, ndoo na sufuria moja vikae mlangoni mwa gari. Vyeti, kadi za kliniki na vitambulisho visipande gari hilo kabisa. Vikae kwenye mkoba wa mama wa familia.

Daftari la madeni dukani kwa Mangi lilipwe kabla ya kuondoka. Huko uendako, mjumbe wa shina na ofisi ya serikali ya mtaa wajulishwe ndani ya siku za mwanzo, kwani ukienda kuomba barua ya utambulisho kwa ajili ya benki au pasipoti, swali la kwanza ni kama wanakufahamu.